UZI: Kutoka jeshini mpaka uinjinia wa mifumo ya ulinzi, mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia

#1 Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi ni kwa ajili ya ndugu zangu walioko kikosini bado wanahesabu miaka iliyobaki, na wale waliorudi uraiani juzi juzi wakakuta kila mtu anawaambia kazi inayowafaa ni kulinda geti. Mimi jeshini nimekaa miaka kumi na mbili, mingi yake karakana ya mawasiliano na rada, nikatoka nikiwa sajenti, na huu ni mwaka wa saba niko kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya ulinzi kama injinia wa mifumo. Nchi na kampuni sitataja, haviongezi kitu hapa.

Kwanza tuelewane hii kazi ni nini maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Injinia wa mifumo sio yule anayebuni antena au anayeandika programu ya rada. Ni yule anayehakikisha antena, programu, gari linalobeba, jenereta, redio, na askari watatu wanaokaa ndani ya kile kibanda vyote vinafanya kazi kama kitu kimoja. Jenereta inatosheleza umeme vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja? Joto la ndani linatokea wapi? Alamu ikilia na injini inanguruma kuna mtu ataisikia? Waya wa huku ukiingizwa kwenye tundu la kule kinatokea nini? Mtu wa antena hajibu hayo, mtu wa programu hajibu hayo, yanabaki hewani mpaka apatikane mtu wa kuyabeba.

Usaili wangu wa kwanza nilifeli vibaya. Wakaniuliza nilifanya nini jeshini, nikawajibu kama unavyomjibu mkuu wa kikosi, kwamba nilihakikisha utayari wa vifaa vya kombania muda wote. Mama mmoja aliyekuwa upande wa kulia akaniuliza kwa upole kabisa, "ulijuaje kwamba viko tayari?" Nikasema nilivikagua. "Ulikagua nini?" Nikakwama. Sio kwamba sikujua, nilijua kila skrubu ya zile redio, ila sikuwahi kulazimika kusema tayari maana yake nini, kwa kipimo gani na kwa muda gani. Nikatoka pale nimelowa jasho, kazi sikupata, na lile swali lake ndo limenilea mpaka leo.

Kwahiyo nasema jambo moja tu na mengine yote yananing'inia hapo. Wewe askari una kitu ambacho mainjinia wengi hawana na hawawezi kukisoma chuoni: unajua kifaa kinatumikaje kweli, usiku, kwenye tope, na watu ambao hawajalala siku mbili. Lakini ujuzi huo ukibaki kichwani kama hadithi za doria hauna faida kwa mtu. Faida inaanza siku unapoweza kuugeuza kuwa sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuipima akasema imefaulu au imefeli.

Mfano ambao mimi siuachi kamwe ni Patriot, mfumo wa Marekani wa kutungua ndege na makombora, kule Dhahran, Saudi Arabia, Februari 25, 1991. Kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga jengo walimokuwa wanajeshi wa Marekani, wakafa 28. Betri ya Patriot, yaani rada, kompyuta na mitambo ya kurushia vikiwa kundi moja, ilikuwepo ya kulinda eneo lile na haikurusha kitu. Wakaguzi wa bunge la Marekani walieleza baadae kilichotokea. Kompyuta ya ule mfumo ilikuwa inahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kamili kwa namba za sifuri na moja, ukiikata kwenye biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri na moja, kinabaki kikosa kidogo mno. Kidogo mno ila kinajilimbikiza kila saa mashine inapokuwa imewashwa. Betri ile ilikuwa imewaka zaidi ya saa 100 mfululizo, kosa likafika kama sekunde 0.34, na kwa mwendo wa Scud hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatafuta mahali ambapo kombora halipo.

Sasa sikilizeni hapa ndo panaponiuma. Mfumo ule mwanzoni ulikusudiwa kupambana zaidi na ndege, uwe unahamahama, ufanye kazi masaa machache sehemu moja halafu uhame. Vitani watu wakaupaki sehemu moja wakauacha unawaka siku kadhaa. Waisraeli walishatoa taarifa kabla kwamba baada ya masaa 8 tu usahihi unaanza kupotea. Ukatumwa ujumbe kwa watumiaji kwamba mfumo ukiwaka "muda mrefu sana" kuna shida, bila kusema muda mrefu sana ni masaa mangapi. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26. Siku moja baadae.

Yeyote aliyewahi kukaa zamu kwenye mtambo anajua huwezi kuuzima kama una wasiwasi adui anakuja, unauacha unawaka. Kila askari pale angeweza kukuambia hivo. Ila hiyo habari haikuwa imeandikwa kama hitaji la mfumo, yaani mfumo ufanye kazi masaa kadhaa mfululizo bila kupoteza usahihi zaidi ya kiasi fulani. Pengo lile lililokuwepo kati ya askari na karatasi ndo kazi yetu wakuu, mimi ndo sababu naamka asubuhi kwenda kazini.

Naweka nukta hapa nile kidogo, nitarudi. Ulizeni.

#2 Sajenti bado kazini

Mkuu shkamoo kama umenizidi, asante sana kwa uzi. Mimi niko upande wa redio na antena za kusimamisha, nimebakiza miaka miwili. Sina digrii, nina cheti cha ufundi tu na kozi za jeshi. Kila tangazo la kazi naona wanataka digrii ya uinjinia. Sasa mtu kama mimi naingilia wapi, au ndo mlango umeshafungwa?

#3 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Haujafungwa, ila sitakudanganya, mlango mkubwa wa mbele kweli unataka digrii na kama una nafasi ya kusoma ukiwa bado jeshini anza sasa hivi, usisubiri utoke, maana ukishatoka kodi na ada za watoto hazikungoji.

Mimi niliingilia mlango wa majaribio. Kampuni hizi zina timu ya majaribio na timu ya watu wanaoenda kwa mteja kufunga na kurekebisha mitambo, na wanahitaji mno mtu anayeweza kuushika mtambo bila kuuogopa. Nikaanza hapo, cheo cha chini, chini ya vijana niliowazidi miaka kumi, na digrii nikaimalizia jioni jioni. Mlango mwingine ni upande wa matengenezo, wale wanaopanga spea ngapi zikae bohari, kifaa gani kinatolewa na kubadilishwa kwenye mstari wa mbele na kipi kirudi kiwandani, vitabu vya matengenezo viandikweje. Huko aliyekuwa fundi wa kikosi anaheshimika haswa.

Na ukiwa kwenye majaribio unajifunza uinjinia wa mifumo kinyume nyume, ambayo naona ni njia nzuri kuliko zote. Huwa wanaichora ile kazi kama herufi V. Mkono wa kushoto unashuka, unaanzia kwenye anachohitaji mtumiaji, unaenda mahitaji ya mfumo, usanifu, mpaka kipande kimoja kimoja. Mkono wa kulia unapanda, unapima kipande, unaunganisha, unapima tena, mpaka unarudi juu kwa mtumiaji. Kila ngazi ya kushoto ina mwenzake kulia. Aliyeanza kulia anajua maumivu ya sentensi mbovu iliyoandikwa kushoto, kwasababu yeye ndo alishindwa kuipima.

Usichanganye kuhakiki na kuthibitisha pia. Kuhakiki ni kujiuliza tumekijenga kama karatasi ilivyosema? Kuthibitisha ni kujiuliza je hicho kitu ndicho alichokuwa anakihitaji askari? Kitu kinaweza kufaulu la kwanza kikafeli la pili, na sisi tuliovaa kombati tumewahi kukabidhiwa vifaa vya namna hiyo.

Vyeti: lipo shirika la kimataifa la mainjinia wa mifumo, INCOSE. Cheti chao cha kuanzia, ASEP, hakidai uzoefu wa kazi, unafanya mtihani wa maarifa. Kinachofuata, CSEP, kinataka uzoefu usiopungua miaka 5 kwenye uinjinia wa mifumo. Mimi ASEP niliifanya mapema na ilinisaidia kupata lugha, sio kupata kazi, muelewe hapo. Isome pia ile ISO/IEC/IEEE 15288, kanuni ya viwango ya kimataifa, ndo inayopanga michakato ya mfumo toka wazo mpaka siku unapostaafishwa. Kavu kama makuti lakini ukiisoma huku unakumbuka mtambo mmoja unaoufahamu inaingia.

#4 Injinia raia

Nachangia kutoka upande wa pili. Sijawahi kuvaa kombati, nimefanya kazi na waliotoka jeshini miaka mingi. Mleta uzi anasema kweli ila kuna kitu watu wa jeshini mkija nacho kinawaharibia. Mtu anaingia kikao anasema "mimi nimekuwa field, hii haifanyi kazi", basi, amemaliza, anategemea wote tupige saluti. Huku cheo hakibishani, hoja ndo inabishana. Haifanyi kazi mara ngapi kati ya ngapi? Katika hali gani?

Kingine hesabu. Nilikuwa na mwenzetu mmoja, mtu makini sana, alijaribu kifaa mara 10 kikafaulu zote 10, akaandika kwenye ripoti kinaaminika. Mara 10 hazitoshi ndugu zangu. Ukitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 90 kwamba kitu kinafaulu angalau mara 9 kwa 10, inabidi ukijaribu mara 22 bila kufeli hata moja. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba kinafaulu angalau mara 95 kwa 100 ni mara 59. Hii ni hesabu ya darasani kabisa, zidisha 0.9 kwa yenyewe mara 22 utaona inashuka chini ya 0.1. Kwahiyo kabla ya kukimbilia kozi za kifahari rudieni uwezekano na takwimu.

Halafu nikubali na la kwetu. Sisi huwa tunajisifu na namba ya utayari ya kwenye makaratasi. Chukua kifaa kinachoharibika kwa wastani kila baada ya saa 400, na fundi anakirekebisha kwa saa 4. Kwetu sisi hiyo ni 400 gawanya kwa 404, asilimia 99, tunafurahi. Aliyekuja akatuharibia furaha alikuwa fundi wa zamani wa jeshi, akauliza spea inafika baada ya muda gani. Tukaweka saa 96 za kungoja spea, ikawa 400 gawanya kwa 500, asilimia 80. Kifaa ni kilekile. Hiyo siku tulibadilisha mpango mzima wa bohari.

#5 Mleta uzi

Injinia umenena, na hilo la kikao ni kweli tupu, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa na hiyo tabia na ilinigharimu.

Ngoja niwaonyeshe sentensi yangu ya kwanza kabisa, nadhani itawafaa kuliko nasaha. Tulikuwa na redio ya mgongoni, nikaambiwa niandike hitaji la kubadilisha betri. Nikaandika: "Betri ibadilishwe kwa urahisi hata usiku." Ikarudi imechorwa wino mwekundu kwenye neno urahisi na kwenye neno usiku, na swali pembeni: urahisi kwa nani? Nikakasirika kweli, nikaona huyu mtu hajawahi kubadilisha betri gizani huku mvua inanyesha. Halafu nikakaa chini nikakumbuka ile hali yenyewe. Nilikuwa nimepiga goti moja, redio imelala kwenye paja, glavu zimelowa, tochi huruhusiwi kuwasha, kile kibati cha kufungia mfuniko kimeshika mchanga na kidole gumba hakikioni. Ukivua glavu unaweza, ila glavu ukishaivua hujui umeiweka wapi. Na ukiigeuza betri kinyume inaingia kidogo halafu inagoma, hujui kama imegoma kwa mchanga au kwa kugeuka.

Kumbe kila kitu kilichohitajika kuandikwa kilikuwa kwenye ile kumbukumbu. Nikaandika upya: askari mmoja aliyevaa glavu za kikosi zilizolowa, bila mwanga wowote, bila kifaa chochote cha mkononi, atoe betri iliyokwisha na kuweka nyingine ndani ya sekunde 60, baada ya redio kupita kwenye jaribio la mchanga na vumbi, na betri isiweze kuingia kabisa ikigeuzwa. Mbuni akaisoma akasema basi hicho kibati kinaondoka, tuweke mpini, na betri tuikate kona moja. Sikumwambia aweke mpini. Hitaji linasema kinachotakiwa kutokea, suluhisho analeta mbuni, na sisi wa jeshini kujizuia hapo ni kazi maana tumezoea kutoa amri.

#6 Mchangiaji mpya

Kiongozi swali langu ni la siri. Mambo niliyoyafanya mengi siruhusiwi kuyasema. Sasa CV naandika nini, "nilifanya kazi fulani mahali fulani"? Na kampuni wakinibana nieleze udhaifu wa mitambo tuliyokuwa nayo je?

#7 Mleta uzi

Swali la maana sana hili na naomba kila mtu alisome mara mbili. Kiapo hakivuliwi pamoja na kombati. Uwezo wa mtambo, masafa yake, udhaifu wake, mlipo na idadi yenu, hivyo vyote vinabaki kuwa siri hata kama umetoka miaka kumi. Anayekubana useme hayo kwenye usaili, mwambie kwa heshima siwezi kulizungumzia hilo, na mwajiri makini wa sekta hii atakuamini zaidi, kwasababu na yeye ana siri zake ambazo kesho utazibeba wewe. Anayeendelea kukubana, ondoka hapo.

Kwenye CV andika aina ya kazi na ukubwa wake, sio siri yake. Sio "mtaalamu wa mtambo fulani kikosi fulani". Andika ulisimamia mafundi wangapi, uliondoaje mrundikano wa vifaa vibovu, uligundua hitilafu inayojirudia kwa njia gani, ulifundisha watu wangapi. Na vifupisho vya jeshi toa vyote, mpe dada au kaka yako ambaye ni raia aisome, akikwama mahali, hapo pana tatizo. Kabla hujaituma pitisha kwa ofisi ya usalama ya kikosi kama utaratibu wenu unaruhusu. Na kama ulikuwa upande wa manunuzi angalia kabisa sheria ya kwenu inasema nini kuhusu kwenda kufanya kazi kwa kampuni uliyokuwa unaisimamia, nchi nyingi zina muda wa kungoja.

Kuna lingine sikutaka liishie bila kusemwa. Julai 3, 1988 manowari ya Marekani USS Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air 655 ikiwa angani Ghuba ya Uajemi, wakafa watu wote 290. Ndege ilikuwa inapanda. Ndani ya kile chumba cha mapambano walikuwepo watu waliotaja kwamba inashuka. Rekodi za mtambo zilionyesha inapanda, data ilikuwa sahihi. Lakini kimo kilisomwa kama namba tu kwenye kiskrini kidogo, mtu ilibidi alinganishe namba ya sasa na ya kabla yake kichwani, ndani ya dakika chache za hofu, ajue inapanda au inashuka. Sisemi skrini peke yake ndo iliua, mambo yalikuwa mengi. Ila mimi nimekaa mbele ya skrini za hivyo, macho yamekuwa mekundu, na najua namba mbili zinavyoweza kubadilishana nafasi kichwani. Kwahiyo kila nikikaa kikao cha skrini nang'ang'ania mshale mdogo wa juu au chini uwepo pale, na wakiniambia hauna nafasi naomba tutafute nafasi.

#8 Sajenti bado kazini

Mkuu nimesoma yote usiku huu nikiwa zamu. Nimejaribu kuandika hitaji langu kuhusu antena yetu, naomba unisahihishe: "Watu wawili wasimamishe antena ya mita 10 ndani ya dakika 15."

#9 Mleta uzi

Aisee umeanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi, una watu, una muda, una urefu. Sasa fikiria usiku ule mbaya kuliko wote uliowahi kuisimamisha. Upepo ulikuwa kasi gani, kuna mwongozo wa namba kwenye kitabu chako cha mtambo, uangalie. Ardhi ilikuwaje, mwamba au mchanga, maana vigingi haviingii sawa. Hao wawili wamefunzwa masaa mangapi? Dakika 15 zinaanza kuhesabiwa wakati gani, gari liliposimama au mfuko ulipofunguliwa? Na inaisha lini, nguzo ikisimama au redio ikijibu upande wa pili? Hilo la mwisho ndo kubwa, mimi nimeona nguzo zimesimama wima kabisa na hakuna mawasiliano.

Andika tena kesho ukitoka zamu, uiweke hapa hapa.

#10 Sajenti bado kazini

Inaisha redio ikijibu. Hilo nalijua bila hata kuangalia kitabu. Narudi kesho na namba za upepo.